Kesho Haurudi Jioni

Asifiwe mwanangu,

Mwaka wako wa kwanza, karibu wote, sikukupenda. Jambo hili sijaliambia mutu. Hata Dada Zawadi, mutoto wa mjomba wangu, ambaye namuambia karibu kila kitu, hili sikumuambia. Hata Mungu sikumuambia wazi. Nilikuwa nazungukazunguka tu na maneno ya kanisani. Nilikunyonyesha, nilikuosha, nilifua nguo zako, lakini nilikuangalia kama mutoto wa jirani ambaye mama yake amechelewa sokoni. Ukilia, nilingoja mwenyewe aje akuchukue. Halafu nakumbuka kwamba mwenyewe ni mimi, na mwili unakuwa muzito kama blanketi iliyonyeshewa.

Nimeanza na hilo kwa sababu nisipoliandika kwanza, mengine yote yatakuwa uongo, na uongo umetosha katika nyumba hii.

Ni muchana. Unalala hapa kitandani kwetu, mutaa wa Mapendo, na bote zako za mvua miguuni. Umekataa kuzivua kwa sababu umeambiwa ng'ombe wa Koko wanakanyaga miguu ya watoto. Koko, mama ya baba yako, amekuja kutoka Rutshuru kukuchukua. Kesho asubuhi mutapanda gari pamoja. Wamekuambia munaenda kuona ng'ombe, utakunywa maziwa, jioni utarudi.

Haurudi jioni. Unaenda kukaa huko mpaka nimalize masomo, na bado miaka miwili. Watu wote wanajua. Papa na Mama yangu wanajua, Zawadi anajua, hata mama wa butiki ya kona anajua. Leo asubuhi alikupa bonboni ya kumung'unya, akakushika kichwa namna watu wanavyoaga. Mwenye safari ndiye peke yake hajui anakoenda.

Una miaka mine, barua hii utaisoma ukiwa mukubwa. Sitakuandikia habari ya sweta wala ya sikio lako linalouma wakati wa baridi. Koko nimemuonyesha yote hayo, naye ni mwangalifu. Mambo ninayotaka kukuachia ni yale ambayo hapa kwetu mutu akianza kuyasema, wanamutuma kuchota maji.

Unajua kwa nini wanakudanganya? Wanasema ni ili usilie. Nimefikiri sana juu ya jibu hilo na kila nikifikiri damu inapanda. Utalia tu, Asifiwe. Utalia kesho jioni, giza likianza kuingia na hakuna anayekuvalisha viatu vya kurudi. Ila wakati huo wao watakuwa mbali, hawatasikia. Wanachokinga ni masikio yao.

Najua kwa sababu na mimi nilipita hapo. Nilikuwa na miaka sita. Mama alinipa pesa, akasema kimbia ku butiki, leta chumvi. Nilikimbia vizuri, nikarudi na chumvi mukononi, nikakuta Mama hayuko. Gari la Butembo lilikuwa limemuchukua, na mizigo yake ya vitambaa, vikwembe vya kuuza, alikuwa ameanza biashara. Nikamuuliza shangazi, akasema Mama anarudi sasa hivi. Nilikaa juu ya jiwe mbele ya mulango, yale mawe meusi yanayochoma matako jua likiwaka, nikingoja sasa hivi. Sasa hivi ile ilichukua miaka miwili.

Aliporudi nilikuwa musichana mutulivu. Watu walinisifu sana. Neema hasumbuki, Neema hana maneno, ukimupa anakula, usipomupa ananyamaza. Mama alifurahi, akasema Mungu alimulindia mutoto. Mpaka leo wanasema niko na haya ya kuzaliwa. Nakuambia, sikuzaliwa nayo. Nilijifunza siku moja kwamba ukigeuka mugongo watu wanaondoka, na ukiuliza wanakudanganya, basi nikaacha kuuliza. Hawakuona jeraha, waliona tabia nzuri.

Sasa nilipokuzaa wewe, nikiwa bado napaswa kuwa kalasini nasoma, ule utulivu wangu uligeuka kitu kingine. Usiku sikulala, hata ulipolala wewe. Chakula hakikuwa na ladha. Sombe, samaki, yote ni kama kutafuna karatasi. Nilikuwa nakaa naangalia mabati. Majirani walisema ni uvivu wa wasichana wa siku hizi. Wengine walisema, na hii ndiyo inanikasirisha zaidi kuliko yote, kwamba mimi nalilia nini. Hapa Goma huzuni wanaipima. Yule nyumba yake ilimezwa na volkano, yule vita ilimuachia makaburi, yule amelala kambini na watoto saba. We Neema unalala juu ya kitanda, mutoto wako iko muzima, baba na mama wako wapo, sasa shida yako iko wapi? Na kweli, nilikuwa nawaza hivyo hivyo mimi mwenyewe. Nilijiona mwizi wa huzuni ya watu wengine.

Mama aliogopa. Akanipeleka kwenye chumba cha maombi, kile cha mbao nyuma ya nyumba ya muchungaji, ambako wamama wa maombi wanakesha. Waliniwekea mikono wakasema niko na roho ya huzuni. Mukubwa wao alinielezea kwa upole kabisa:

"Mwanangu, hiyo roho inakula chakula yako, inalala usingizi yako. Tutainyima vyote viwili. Ikikosa, itatoka."

Sikiliza tena jambo hilo polepole, ukiwa mukubwa. Musichana hajalala tangu azae, hajala vizuri, ananyonyesha. Na dawa yake ikawa asile na asilale. Nilifunga, usiku tuliimba tukiwa tumesimama. Nikisinzia walinitikisa bega, kwa upendo, wakasema adui anataka kukulaza. Maziwa yakapungua. Wewe ulikuwa unavuta titi, unaachia, unapiga kelele mpaka sauti inakatika. Wakatazamana, wakasema, munaona, imepita hata kwa mutoto.

Ulikuwa na njaa, Asifiwe. Hakuna kitu kingine. Ulikuwa na njaa na mimi nilikuwa na usingizi, na katika chumba kile chote, na ndimi zote zile walizonena, hakuna hata mumoja aliyeniuliza: umelala?

Ningependa kusema kwamba Mama ni mubaya, hasira ingekuwa nyepesi kubeba. Lakini yeye alifunga pamoja nami. Midomo yake ilipasuka. Alikuwa ananishika kiuno ili nisianguke wakati wa kuimba, na yeye mwenyewe anatetemeka. Hiyo inanichosha sana: hata kumukasirikia vizuri siwezi. Na usifikiri nimeacha kuomba. Naomba, na kesho nitaombea gari lenu kutoka hapa mpaka Rumangabo na mbele yake. Ila siku hizi naomba nikiwa nimekula.

Ku masomo, miaka iliyofuata, mwalimu wa saikolojia aliandika neno la Kifaransa ubaoni, depresyon, na chini yake akaandika alama zake, moja kwa moja. Nilikopi. Nilipofika katikati mukono ukasimama, kwa sababu zilikuwa siku zangu zile, zimepangwa vizuri kwa kalamu yangu, bik nyekundu. Sikunyoosha kidole. Nilifunga kaye niliyokuwa nakopia. Basi kwa Kifaransa nilikuwa mugonjwa, na kwa Kiswahili nilikuwa na shetani, au muvivu, inategemea nani anasema. Ningependa sana mutu angeniambia mapema kwamba niko mugonjwa tu, kwa lugha ambayo Mama angeisikia.

Sasa nikuambie nilitoka vipi, na usitegemee jambo kubwa. Zawadi alikuja kuishi hapa kwetu kujifunza kusuka nywele. Alikuwa anataka kichwa cha kujaribia, kwa sababu wateja hawakubali kuharibiwa. Akaniona nimekaa.

"Leta hiyo kichwa," akasema, "sasa hivi haiko na kazi."

Hakuwa na nia ya kuniponya, hilo ulijue. Alikuwa na nia ya kufungua saloni ya kusuka. Aliniweka nje karibu na lango, kwenye jua, kwa sababu ndani hakuna mwangaza wa kuona mustari. Alininywesha uji kwanza, kwa sababu kichwa chenye njaa kinainama na mustari unapinda. Na alikataa kabisa kumusuka mutu anayesinzia. Asubuhi alikuwa anakufunga wewe mugongoni, anaenda na wewe soko kutafuta meshi, nywele za kusukia, ananiambia lala mpaka nirudi, na ukiniharibia kazi leo nitakukata nywele zote. Nililala. Nilikuwa naamuka na alama ya mukeka kwenye shavu. Jioni anafumua yote, kesho yake tunaanza tena, na uji, na jua, na usingizi, kwa ajili ya nywele tu.

Anapokusuka mutu unakaa chini, katikati ya magoti yake, mugongo kwake. Hakuoni uso. Mbele yako ni barabara: pikipiki, wasichana na bidoni za maji, watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao, wanasukuma viazi wakitukanana. Kwa mutu kama mimi hicho ni kiti cha kifalme. Yeye anavuta kwa nguvu, machozi yananitoka, nanyamaza. Siku moja akasimamisha mikono.

"We Neema. Sema kama inauma. Mi siko na macho mbele yako."

Nikasema inauma. Ni habari ya nywele tu. Lakini nadhani lilikuwa neno la kwanza la kweli nililolitoa mudomoni tangu uzaliwe. Akalegeza. Nilishangaa: nimesema, na mutu amelegeza, hakuondoka. Kesho yake nikasema kwamba usiku nilikuwa naogopa. Nikasema habari ya chumvi. Nikiangalia barabara niliweza kusema. Yeye hakuwa na jibu lolote la maana, Zawadi. Alikuwa anacheka mahali pasipo pa kucheka. Nilimuambia nilikuwa natamani kukimbia, akasema, ata mimi ningekuwa na sura yako ningekimbia. Na mi nikacheka. Tumbo likauma kwa kucheka, lilikuwa limesahau.

Halafu siku moja ulitambaa, ukakamata meshi yote, mpya, ukaiingiza mudomoni. Nilipokunyang'anya ukaniuma mukono. Nilikukasirikia, Asifiwe, nilikukasirikia kabisa, nikakuita jina lako lote na la babu yako. Zawadi akasema, ee, leo mama ya mutoto amefika. Ilikuwa kweli. Mutoto wa jirani humukasirikii namna ile. Siku hiyo ndipo nilianza kukupenda, na tangu hapo sijapumzika.

Kwa hiyo walipokaa sebuleni kwetu juzi kuamua, nilitarajia angalau wataniuliza nimekuwa nani sasa. Papa alikuwa kwenye kiti chake, Koko amekunja kikwembe miguuni, Mama ndiye aliyesema. Alisema binti huyu aliombewa, kichwa yake haiko na nguvu sana, afadhali mutoto aende amuachie nafasi ya kusoma. Ule ugonjwa waliouongeza kwa mikono yao ndio umekuwa ushahidi. Koko akasema upande wao wako tayari, mutoto ni damu yao. Akaongeza kwamba mwaka wa kwanza nisije, mutoto azoee kwanza, akiniona atarudi nyuma. Papa akaniuliza kama niko na neno.

Nikasema, "Hapana, Papa."

Nilikuwa na mengi. Na walikuwa wananiangalia wote, usoni. Kosa hilo ni langu, na sitamubebesha mutu mwingine.

Jana jikoni nilijaribu tena, kwa Mama peke yake. Nilisema, Mama, basi angalau tumuambie. Alikuwa anatwanga majani ya sombe, hakuinua kichwa.

"Tumuambie alie usiku muzima? Weye nilikuacha, ulikufa?"

Nilichukua beseni nikatoka. Jibu lilinijia nikiwa nje, kama kawaida yangu.

Koko si mutu mubaya. Atakulisha, atakulaza karibu naye, utakunywa maziwa mpaka utachoka. Nataka hata upende kule. Asubuhi ukamate jua kabla ya kitu kingine, ukimbie nyuma ya ndama, ule sahani moja na wenzako, kwa sababu mutu anayekula peke yake anasahau kula. Usiku ulale. Akija mutu kukuambia usilale ili uwe muzuri, muogope. Na ukiwa na kitu kinakukaba, tafuta mutu ambaye mikono yake ina kazi, anachambua maharagi, anakamua, anafua, ukae pembeni yake uangalie mbali, useme. Kama watu wamekosa, ambia ng'ombe. Ng'ombe hawakatizi maneno ya mutu.

Lakini nimeona jambo juzi ambalo linaninyima amani. Ulianguka kwenye mawe hapo uani, goti likachubuka. Koko akakuinua, akapuliza vumbi, akasema mwanaume hapana lia. Kwa upole, jinsi wanavyosema wote. Na wewe ulifunika mudomo kwa kiganja chako mwenyewe. Mashavu yakavimba, macho yakajaa, ukaniangalia juu ya kile kiganja. Wakakusifu. Wakasema, huyu ni muzee kabisa.

Nilijiona mimi, na chumvi mukononi.

Ndiyo maana naandika kwa hasira, na bik inatoboa karatasi. Siogopi kwamba utalia huko. Naogopa kwamba utaacha, na watasema umezoea.

Unageukageuka. Umeamuka. Ngoja.

Nimekuambia.

Naandika kwa mukono mumoja sasa, wewe uko magotini mwangu, maandishi yanapinda, unisamehe. Nataka uwe na habari hii namna ilivyokuwa, asije mutu baadaye akakupa nyingine.

Ulikaa kitandani ukauliza ng'ombe wa Koko wako wangapi. Nikachuchumaa mbele yako. Nilikuangalia machoni, kama naenda kujibu mbele ya kalasi.

Nikasema, "Asifiwe, kesho haurudi jioni. Utalala kwa Koko. Siku mingi."

"Na weye?"

"Mi nabaki. Nasoma."

"Basi na miye nabaki."

"Hapana, mwanangu. Utaenda."

"Nani alisema?"

Ningeweza kusema Papa, au Koko. Nikasema, "Wakubwa walisema. Na mimi nilinyamaza."

Sijui umeelewa nini. Ukaniuliza kama nitakuja. Hakuna aliyenipa ruhusa, wamesema mwaka muzima nisije, na nilisikia mudomo wangu ukikujibu kwamba nitakuja kabla maharagi ya Koko hayajakauka shambani. Sasa nimesema na itabidi nije. Hata wakinifungia mulango nitakaa uani kwao mpaka unione.

Halafu kiganja chako kikapanda kuelekea mudomo. Nilikishika. Nikakishusha chini nikakishikilia, nikakuambia leo lia. Ukanitazama kama unauliza ni kweli, na ukafungua mudomo wote, na kilio kikatoka.

Sijawahi kusikia mutoto akilia hivi. Uko unalia na shati langu limelowa, unanipiga kifua, unasema hautaki ng'ombe, hautaki maziwa, hautaki Rutshuru, na uko na haki ya kila moja. Sikubembelezi unyamaze. Nakushika tu.

Uani kinu cha Mama kimesimama. Koko amesema kitu, Papa amekohoa. Nasikia kandambili za Mama zinavuka uani, zinakuja kwa haraka yake ile ya mutu anayekuja kuzima moto. Miaka yote nikisikia hatua hizo nasukuma karatasi chini ya godoro, hata kama ni devwari tu ya masomo. Leo iko juu ya meza, wazi, na sitaisukuma. Anajua kusoma. Asome kama anataka, kuanzia mustari wa kwanza.

Amefika mulangoni. Wewe lia tu, mwanangu. Mimi ndiye nitajibu.